Asiyesikia la Mkuu

Kwa miaka 34 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka hiyo sijui niliandika ubaoni mara ngapi methali ile isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ilikuwa methali yangu ya wiki ya kwanza ya kila muhula, nami sioni haya kusema kwamba ilinisaidia kazi. Darasa lenye watoto 60 na madawati 20 haliendeshwi bila utii, na anayesema vinginevyo hajapata kushika chaki.

Siku moja mwaka 1986 mtoto wa darasa la sita alinyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, na mkuu akikosea, huvunjika guu la nani?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka kidogo, nikamwambia akae chini, tukaendelea na zoezi. Lakini swali lile nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, kwa kuwa jibu lake nilikuwa nalo tangu miaka 12 nyuma, na sikupenda kulisema mbele ya watoto. Sasa nimestaafu, sina tena darasa la kulinda. Naomba msomaji anivumilie nilieleze.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa miaka 22, mwalimu mpya katika shule moja ya Usukumani. Mahali penyewe sitapataja, maana sikusudii kumshitaki mtu yeyote zaidi ya mimi mwenyewe.

Ni vema kwanza niwakumbushe vijana hali ilivyokuwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, hayati Mwalimu Nyerere aliandika juu ya ujamaa vijijini, na mwaka uliofuata akaandika tena juu ya uhuru na maendeleo. Alieleza waziwazi kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa, na kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe. Miaka ikapita, na waliohamia kwa hiari wakawa wachache kuliko ilivyotazamiwa. Mwezi Septemba 1973 Mkutano Mkuu wa TANU uliazimia kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na Novemba mwaka huohuo Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Hiari ya mwaka 1968 ikawa amri ya mwaka 1973, na aliyesema maneno yote mawili ni mtu mmoja, mtu mwema, ambaye hata leo namtaja kwa heshima.

Kwetu operesheni ilifika mwezi Agosti 1974, wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingizwa vihengeni. Mimi nilipewa kazi ya ukarani kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilikuwa na daftari lenye majina ya wakuu wa kaya, na kazi yangu ilikuwa kutia alama ya vema mbele ya kila jina baada ya kaya kuhamishwa. Tulikuwa na lori moja, mgambo tisa, na mkubwa mmoja kutoka wilayani. Mkubwa huyo alikuwa na haraka, kwa kuwa naye alikuwa na mkubwa wake aliyekuwa akisubiri hesabu.

Siku ya tatu tulifika kwa bibi mmoja mjane. Mji wake ulizungushiwa ua wa minyaa, na ndani mlikuwa na nyumba yake ya msonge, kihenge cha mtama, na kaburi la mumewe. Alitupa maji ya kunywa. Alipoambiwa apakie vyombo, alipakia bila ubishi: vyungu, ngozi ya kulalia, jembe, kuku wanne. Kisha mkubwa akaamuru paa liezuliwe ili asije akarudi. Yule bibi hakumtazama mkubwa. Alinigeukia mimi, akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu, wewe unajua kusoma. Hiyo karatasi inasema nihame, au inasema nyumba yangu ibomolewe?"

Karatasi ilisema watu wahamishwe. Haikuwa na neno lolote juu ya paa. Nililijua hilo, kwa kuwa nilikuwa nimeisoma asubuhi ileile. Nikamjibu: "Bibi, hii ni amri kutoka juu." Nikatia vema.

Mgambo wanane walianza kazi. Wa tisa, mtu wa makamo aliyekuwa mkulima wa pamba, aliweka rungu lake chini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Paa la mama huyu mimi siezui," akaenda kukaa kivulini. Hakuhutubia, wala hakuwazuia wenzake. Mkubwa akaniambia niandike jina lake, nami nikaliandika. Alilala mahabusu siku tatu, kisha akafukuzwa umgambo.

Lori lilikuwa lirudi siku ileile kuchukua kihenge. Halikurudi. Bibi alipopata watu wa kumsaidia kuufuata mtama wake, walikuta kihenge kimevunjwa na mbuzi wamekula walichokula. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Nchi ilikuwa ikinunua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Katika kijiji kipya alikaa chini ya mti, katika kibanda cha matawi, hadi majirani walipomjengea. Bibi yule hakufa kwa kuhamishwa. Aliishi karibu nasi miaka sita zaidi, na kila asubuhi nilipopita kwenda shule aliipokea shikamoo yangu kwa upole. Jambo la siku ile hakulitaja hata mara moja. Kama angenilaani, pengine ningepata la kujitetea.

Basi hilo ndilo jibu ambalo sikumpa yule mtoto. Mkuu alikosea, na guu lililovunjika halikuwa la mkuu, wala halikuwa langu mimi niliyesikia la mkuu. Lilikuwa la mtu wa tatu.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba vijiji havikuleta faida. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji zaidi ya 7,000, na kwa kuwa walikuwa wamekusanyika, ilikuwa rahisi zaidi kuwafikishia shule, zahanati na maji. Novemba 1974 lilitoka Azimio la Musoma la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na mimi ni shahidi kwamba watoto walijaa darasani ambao babu zao hawakuijua kalamu. Binti mmoja wa kaya zilezile nilizozitia vema nilimfundisha kusoma, akawa muuguzi. Mambo hayo ni ya kweli na siyafuti. Lakini nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na sijaona jinsi ambavyo bomba la kijiji lingekauka kama tungeliacha paa la yule bibi.

Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba nilitumwa. Ya pili ni kwamba kama si mimi, angekuwa mwingine. Hoja ya kwanza ilikwisha kupelekwa mahakamani na watu wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1946 majaji wa Nuremberg, waliowahukumu viongozi wa Ujerumani ya Hitler, walikataa kwamba amri ya mkubwa inamwondolea mtenda hatia yake. Sithubutu kulinganisha paa la nyasi na mauaji ya mamilioni ya watu. Hata hivyo mizani inayopima gunia ndiyo inayopima kibaba. Na hoja ya pili ni dhaifu zaidi. Kama ingekuwa lazima awepo mtu wa kumfanyia bibi yule vile, haikuwa lazima mtu huyo awe mimi.

Nilipata mwanga kidogo miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Sokrate katika kitabu cha kuazima. Mwaka 404 kabla ya Kristo mji wa Athens ulitawaliwa na watu 30 wakatili. Siku moja walimwita Sokrate na wenzake wanne, wakawaamuru wavuke kwenda kisiwa cha Salamis wamlete mtu mmoja aitwaye Leon ili auawe. Wanne walikwenda, wakamleta. Sokrate alikwenda zake nyumbani. Miaka mitano baadaye, utawala ule ukiwa umekwisha kuanguka, mahakama ya mji ilimhukumu yeye mwenyewe kufa. Rafiki yake Krito alimwandalia njia ya kutoroka gerezani. Sokrate akakataa. Alisema sheria za mji ndizo zilizomlea, na hatazivunja kwa sababu tu safari hii zimemwelemea. Akanywa sumu.

Mara ya kwanza niliona kwamba mzee huyu anajipinga. Mbona alivunja amri ya kwanza akatii ya pili? Nilirudia kusoma hadi nikaona tofauti. Amri ya pili ilimtaka yeye avumilie dhuluma. Amri ya kwanza ilimtaka yeye aitende. Kuvumilia alikubali, hata kufa. Kutenda alikataa, hata kama angeuawa kwa kukataa. Nami nilikuwa miongoni mwa wanne waliokwenda Salamis.

Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu. Mamlaka yana haki ya kunitaka mengi: kodi yangu, jasho langu katika kazi za kijiji, hata kiwanja changu barabara ikipita, madhali nimelipwa. Ninaweza kunung'unika nami nikatii, maana hakuna nchi inayojengwa na watu wanaotii wanayoyapenda tu. Lakini amri inapopita mikononi mwangu kwenda kumuumiza mtu mwingine, mimi si mbeba mzigo tena, ni mtwishaji. Hapo utii peke yake haunitoshi kuwa udhuru. Sina budi kuuliza.

Najua atatokea mtu aseme kwamba kila mmoja akijipimia, hakutakuwa na serikali, kutakuwa na soko. Hofu hiyo ni ya haki. Namjibu kwa kumwonyesha yule mgambo wa tisa. Hakukataa kazi yote, alikataa tendo moja. Hakulikataa kwa siri, kwa kujifanya mgonjwa au kutoroka. Alilikataa mbele ya mkubwa wake. Na gharama ya kukataa aliilipa yeye mwenyewe, hakumsukumia mwenzake. Kukataa kwa namna hiyo hakubomoi nchi. Anayekataa kwa siri ili apate faida, huyo ni mkaidi au mwizi, nasi tusimpambe kwa jina la dhamiri.

Kuna mwingine atakayeuliza swali gumu zaidi: je, yule bibi alikuwa na haki gani iliyovunjwa? Mtu wa sheria anaweza kusema hakuwa nayo. Tangu uhuru wa mwaka 1961 katiba zetu hazikuwa na sura ya haki ambayo raia angeweza kuidai mahakamani. Sura hiyo iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwaka 1988. Kama haki huzaliwa na karatasi, basi mwaka 1974 bibi hakuwa na haki, na sisi hatukumkosea.

Hapo moyo wangu hukataa, na nadhani wa msomaji pia hukataa. Isitoshe, hata Katiba yenyewe inakataa. Ibara yake ya 12 haisemi kwamba Bunge limewapa watu uhuru. Inasema kwamba binadamu huzaliwa huru na sawa. Bunge la mwaka 1984 liliandika jambo lililokuwa kweli kabla halijaandikwa, kama vile mtu aandikaye cheti cha kuzaliwa siye anayemzaa mtoto.

Wasomi hukiita kitu hicho haki za asili, na mara nyingi hutupeleka kwa Mwingereza John Locke, aliyefundisha katika karne ya 17 kwamba uhai, uhuru na mali vilikuwepo kabla ya serikali, na serikali iliundwa ili ivilinde. Ni mafundisho mema, ingawa Locke huyohuyo aliweka fedha zake katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa wa Afrika. Mtu anaweza kuujua ukweli na asiufikishe kwa jirani yake. Lakini sisi hatukuhitaji kuvuka bahari. Tunayo methali: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Itazame vizuri. Haisemi mpeni haki. Inasema haki yake, yaani ilikuwa yake kabla hujampa. Aliyeikalia ana kazi ya kuirudisha tu. Na ni haki ya mnyonge, yule ambaye hana nguvu ya kuidai wala hana wa kumsemea. Ajabu ni kwamba miaka yote ile niliandika ubaoni methali ya mkuu, na ya mnyonge sikuiandika hata mara moja.

Baadaye mahakama zetu zilipata nafasi ya kulitazama jambo hili. Mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa mkoa wa Arusha, walikuwa na ardhi ya kimila waliyoipoteza wakati wa operesheni. Hawakuchukua mishale. Mwaka 1987 walifungua kesi, wakashinda, wakairudia ardhi yao. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji vya operesheni na kuufunga mlango wa mahakama kwa madai ya aina hiyo. Wakarudi tena mahakamani, safari hii kuipinga sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki, na raia hawezi kufungiwa mlango wa mahakama. Vifungu vya sheria vilivyokwenda kinyume na hayo vikabatilishwa.

Nililifurahia neno hilo kwa sababu linajibu sehemu iliyobaki. Anayedhulumiwa hakuumbwa kuvumilia tu. Ibara ya 26 ya Katiba yetu inamwagiza kila mtu kutii Katiba na sheria, na papo hapo, katika ibara hiyohiyo, inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Wajibu wa kutii na haki ya kuhoji vimelazwa kitanda kimoja. Anayetaka kuchukua kimoja na kukiacha kingine hajaisoma ibara yote.

Mwaka 1995 nilichukua gazeti lenye habari za hukumu ile, nikamwendea yule aliyekuwa mgambo wa tisa. Alikuwa mzee sasa, macho yamefifia. Nikamwamkia, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, asiseme kitu. Ndipo nilipomwambia nililokwenda kumwambia hasa, kwamba jina lake niliandika mimi, na kwamba namwomba radhi. Nikamsifu pia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeikataa serikali siku ile.

Akanikatiza. "Mimi sikuikataa serikali, mwalimu. Kijijini nilihamia kwa miguu yangu, na shule uliyofundisha matofali yake nilifyatua mimi. Nilikataa paa."

Nikanyamaza. Baada ya muda akaniambia, bila ukali: "Na wewe hukuwa na haja ya kulala mahabusu. Mama yule alikuuliza karatasi inasema nini. Ungemsomea tu."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, nami ninalo hadi leo. Nilikuwa nimejitesa miaka 21 kwa kuwaza kwamba nilitakiwa kuwa shujaa na sikuwa shujaa, na mawazo hayo yalikuwa na faraja ndani yake, kwa kuwa mashujaa ni wachache na hakuna anayelaumiwa kwa kutokuwa mmoja wao. Mzee alininyang'anya faraja hiyo. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa ndani ya uwezo wa kijana yeyote aliyemaliza shule. Bibi aliuliza swali la kweli. Jibu la kweli lilikuwa mkononi mwangu, limepigwa chapa. Kama ningelisoma kwa sauti, pengine mkubwa angeendelea na amri yake, pengine asingeendelea. Lakini bibi angejua, na mgambo wanane wangejua, kwamba paa lile halikuombwa na nchi. Liliombwa na mtu mmoja mwenye haraka.

Ndiyo sababu siku hizi vijana wanaponiuliza mpaka wa utii uko wapi, siwaanzishii Sokrate. Wengi wao ni makarani, askari, wauguzi, walimu kama nilivyokuwa mimi, watu ambao amri hupita mikononi mwao kila siku. Nawaambia wasome kwanza karatasi, wajue amri inasema nini na haisemi nini. Kisha, kama yupo mtu mbele yao ambaye amri hiyo itamwangukia, naye akawauliza, wamsomee.

Na kama yule mtoto wa darasa la sita, ambaye sasa ni mtu mzima, atakisoma kitabu hiki, naomba anisamehe kwa kumwambia akae chini.